Kinywe cha Ruangwa: Nani atakipeleka kwenye miali ya nyutroni?

MKULIMA wa ufuta wa Ruangwa au Nachingwea anajua kwamba bei huanzia kwenye kipimo. Mzigo wenye mchanga au unyevu hauendi mbali mnadani, hata kama mwenye mzigo anaapa kuwa aliupepeta vizuri. Madini yanayochimbwa katika wilaya hizo nayo ni hivyo hivyo, ila vipimo vyake vingine hufanyika mbali sana na Lindi.

Ruangwa ina kinywe, madini meusi yanayoteleza mkononi. Miradi ya Lindi Jumbo na Chilalo imelifanya jina la wilaya hiyo lijulikane kwa wanunuzi wa nje. Nachingwea ina nikeli katika kilima cha Ntaka, ambako mgogoro wa leseni ulimalizika mwaka 2024 kwa serikali kukubali kumlipa mwekezaji dola milioni 90 za Marekani. Ukiyaweka madini hayo mawili pamoja unakaribia kupata betri ya gari la umeme: upande mmoja hujengwa kwa kinywe, na upande wa pili, katika aina nyingi za betri, huwa na nikeli.

Kujua usafi wa kinywe hakuhitaji mitambo mikubwa. Maabara ya kawaida, kama za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania mjini Dodoma, zinatosha kusema jiwe lina kaboni kiasi gani. Kiwanda cha betri hutaka kinywe kilichosafishwa hadi kufikia asilimia 99.95. Kazi hiyo ya kusafisha na kuviringisha chembe kwa ajili ya betri hadi sasa hufanyika zaidi China, na ndiyo sababu wanunuzi wengi walishtuka pale nchi hiyo ilipoanza kudhibiti uuzaji wa kinywe nje Desemba 2023.

Kigumu ni kuona kinachotokea ndani ya betri inapofanya kazi. Betri inapochajiwa, chembe za lithiamu hujipenyeza katikati ya matabaka ya kinywe, moja kwa kila atomu sita za kaboni. Inapotumika, hutoka. Baada ya kuchajiwa mara nyingi, baadhi hukwama humo na betri huchoka. Mionzi ya eksirei huiona lithiamu kwa shida kwa sababu ni nyepesi mno. Nyutroni huiona vizuri, hupenya ganda la chuma bila betri kufunguliwa, na hutofautisha nikeli na jirani zake kobalti na manganizi, ambao kwa eksirei hufanana sana.

Lakini miali ya nyutroni haiuzwi dukani. Hutoka kwenye kinu cha nyuklia cha utafiti, au kwenye mtambo unaogonganisha protoni na metali nzito, kama ule wa ISIS nchini Uingereza, ulioanza kutoa nyutroni mwaka 1984. Tanzania haina kinu. Jirani, Kinshasa ilipata kinu cha kwanza barani Afrika mwaka 1959, na kituo chake kikapewa hadhi ya kuhudumia kanda. Kinu chake cha pili, TRICO II, kimesimama tangu mwaka 2004. Kuwa na kinu ni jambo moja na kukiendesha ni jingine.

Wanaojua kukiendesha hukitumia kama mashine ya kusaga ya kijiji: moja inawatosha wengi, mradi pawepo utaratibu wa foleni na mtu wa kuitunza. Taasisi ya Laue-Langevin mjini Grenoble, Ufaransa, ilianzishwa mwaka 1967 na Ufaransa na Ujerumani, na Uingereza ikajiunga mwaka 1973. Kinu chake kina nguvu ya megawati 58, na kukizunguka kuna vifaa vya kupimia vipatavyo 40. Nchi wanachama huchangia gharama, na mtafiti anayekubali kuchapisha matokeo halipii miali.

Anachotakiwa ni andiko. Mara mbili kwa mwaka watafiti hueleza wanataka kupima nini, kwa kifaa kipi na kwa siku ngapi. Kamati za wataalamu kutoka nje huyapanga kwa ubora, na maombi huwa mengi kuliko siku zilizopo. Anayepita huandikiwa tarehe, na kwa kawaida hupewa siku chache tu.

Hapo ndipo uendeshaji hasa unapoonekana. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wanasema wahenga. Hapa jembe hutolewa siku ya kwanza. Mgeni hupewa mafunzo ya usalama na kifaa cha kupima mionzi mwilini, kisha hukutana na mtafiti mwenyeji anayekijua kifaa kile hadi kelele zake. Mafundi huwa wameshaandaa tanuri au mtungi wa baridi kali. Kinu hakilali, hivyo upimaji huendelea usiku na mchana. Mwenyeji asipokuwepo saa nane usiku kompyuta inapogoma, saa zilizogharimu fedha nyingi hupotea bure. Vituo vyenye sifa hutambulika kwa watu wa namna hii kuliko kwa ukubwa wa kinu.

Kwa Mtanzania kikwazo ni uanachama. Wa nchi isiyochangia huwa na nafasi finyu, na njia ya kawaida ni kuandika pamoja na mwenzake wa nchi mwanachama, huku akijitafutia nauli. Karibu zaidi kuna SAFARI-1 ya Pelindaba, Afrika Kusini, kinu cha megawati 20 kilichowashwa mwaka 1965. Kinajulikana zaidi kwa kutengeneza dawa za mionzi za hospitali, lakini nacho kina vifaa vya nyutroni.

Nachingwea wana sababu ya kujali vipimo. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 bila mashamba ya majaribio ya kutosha, ulifika huko pamoja na reli kutoka pwani. Ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kula pauni milioni 36. Reli ikafungwa mwaka 1962.

Safari hii kinachohitajika ni gramu chache. Sampuli itaombewa kibali cha Tume ya Madini kutoka nchini, itatiwa kwenye kikopo chembamba cha vanadi, metali ambayo haivurugi vipimo, na itakaa mbele ya mwali kwa siku mbili tatu. Kabla ya kurudishwa, ofisa wa mionzi huipima. Ikiwa bado ina mionzi, hubaki stoo hadi itulie. Takwimu huondoka na aliyeandika andiko, awe wa Arusha, Dar es Salaam au wa kiwanda cha ng'ambo kilichonunua tani kadhaa za kinywe hicho hicho.