Je, Mtoto Wako Hulala Saa Ngapi?

Wazazi wengi wafanyao kazi mjini hufika nyumbani saa mbili usiku kwa sababu ya msongamano wa magari. Mtoto wa miaka miwili huwa angali macho akiwangoja. Familia hula pamoja saa tatu mbele ya runinga, na mtoto hupatwa na usingizi kitini saa nne. Alfajiri, saa kumi na moja unusu, huamshwa na pilkapilka za nyumbani.

Mtoto kama huyu huletwa kwa daktari kwa malalamiko mengine kabisa: hataki kula, hulia ovyo, hapendi kucheza na wenzake. Hupimwa malaria na minyoo, lakini haonekani na ugonjwa. Mara nyingi anachokosa ni usingizi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka wa 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kila siku, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana. Huyu wetu hupata saa saba na nusu usiku. Hata akilala mchana kwa muda wa saa mbili, bado hatoshelezi. Nayo homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi wakati wa usingizi mzito.

Dawa yake hainunuliwi dukani. Ni utaratibu. Mtoto mdogo hajui kusoma saa, lakini hujua kinachofuata nini. Mambo yaleyale yakifanywa kila jioni kwa mpangilio uleule, mwili wake hujiandaa kulala.

Elewana na yaya au nyanya yake kwamba mtoto ale kabla ya saa moja bila kukungoja. Asipewe chai pamoja na chakula, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na upungufu wake huleta ukosefu wa damu. Baadaye aogeshwe na kupigwa mswaki kwa dawa kiasi cha punje ya mchele. Asilale na chupa ya maziwa mdomoni, huozesha meno.

Zima runinga na simu muda wa saa moja kabla ya kulala. Kisha aingie kitandani, chandarua kichomekwe vizuri, aimbiwe au asimuliwe hadithi. Hapa ndipo mahali pako, mzazi. Ukifika mapema, dakika kumi za hadithi zatosha. Ukichelewa, usimwamshe, kunyweni uji pamoja asubuhi.

Wakati wa baridi ya Julai, usiingize jiko la makaa chumbani. Gesi yake ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Mwone daktari ikiwa mtoto hukoroma kwa nguvu kila usiku au pumzi hukatika akiwa amelala, hujikuna sana sehemu ya haja kubwa usiku, au viganja vyake vimepauka.

Siku za kwanza atalia na kukataa. Usivunjike moyo wala usibadilishe mpango. Endelea kwa majuma mawili. Samaki mkunje angali mbichi.