Chanja ya Tanuri: Fito Zinazobeba Moto na Kupumua

Makala haya yanakusudia kueleza kifaa kimoja ambacho ni nadra kuonwa na yeyote asiyefanya kazi kiwandani, ingawa sukari tunayoikoroga, majani ya chai tunayoyapika na maziwa tunayoyatia humo hupitia katika hisani yake. Kifaa hicho ni fito za chuma zinazopangwa chini ya moto katika tanuri la boila. Fito hizo hubeba kuni au makapi yanayoungua, na kwa wakati huo huo huupitishia moto pumzi. Zikipinda au kuungua, moto hudorora, mvuke hupungua, na kiwanda husimama. Kiwanda cha sukari kikisimama, mkulima wa Bungoma aliyekwisha kukata miwa yake huitazama ikinyauka kando ya barabara. Muwa uliokatwa hupoteza maji na utamu kila siku inayopita, na kwa kuwa mkulima hulipwa kwa uzani, hasara ya ufito uliopinda humfikia hata asiyejua kwamba ufito huo upo.

Kabla ya kuendelea, yafaa tukubaliane kuhusu maneno. Boila ni chombo cha kuchemshia maji hadi yawe mvuke wenye kani, na tanuri ni chumba chake cha moto. Kwa sakafu ya vyuma inayobeba moto nitatumia neno *chanja*. Neno hili si geni: wavuvi hubanika samaki juu ya chanja, na vijijini kwetu kichanja cha miti ndicho kinachoanikiwa vyombo na nafaka. Maana ya msingi ni ile ile, yaani jukwaa lenye nafasi za kupitisha hewa. Kila chuma kimoja cha chanja nitakiita *ufito*, kwa mfano wa fito za ukuta wa nyumba ya udongo, na nafasi iliyo baina ya fito mbili ni *mwanya*. Anayelisha tanuri nitamwita mchochea moto. Neno mchochezi lingetosha kisarufi, lakini wanasiasa wamekwisha kulichafua.

Ukanda huu una sababu nyingi za kulijali jambo hili. Kampuni ya Sukari ya Nzoia, iliyoasisiwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka 1978, iko karibu na mji wa Bungoma, na mwaka 2025 serikali iliikodisha kwa mwekezaji binafsi kwa muda wa miaka 30. Kama viwanda vyote vya sukari, nishati yake kuu ni makapi ya miwa yenyewe. Kwa kawaida kila tani 100 za miwa huacha takriban tani 30 za makapi, na nusu ya uzani wa makapi hayo ni maji. Mashambani mna viwanda vidogo vya sukari guru ambavyo huchoma makapi hayo hayo chini ya karai, bila boila yoyote, lakini juu ya chanja. Upande wa Kitale na Cherang'any, chai na maziwa ndivyo vinavyodai mvuke, na viwanda vya chai nchini huupata zaidi kwa kuni za mkaratusi. Reli iliyofika Kitale mwaka 1926 nayo ililetwa na mvuke. Hata hivyo, magarimoshi makubwa ya daraja la 59, yaliyoanza kuhudumu Afrika Mashariki mwaka 1955, yalichoma mafuta mazito. Tanuri la mafuta halihitaji chanja, kwa hivyo hayo hayatuhusu sana hapa.

Swali la kwanza ambalo mwanafunzi makini angeuliza ni hili: moto wa tanuri hufikia nyuzi 1,000 za Selsiasi na zaidi, ilhali chuma cha kusubu huyeyuka kati ya nyuzi 1,150 na 1,200, na hulegea mapema zaidi. Mbona basi ufito ulio chini ya moto huo hauteketei siku ya kwanza? Jibu ni kwamba ufito hauishi katika joto la moto. Huishi mpakani. Juu yake pana tabaka jembamba la majivu linaloukinga kama mkeka, na ubavuni mwake hupita hewa baridi inayotoka shimo la majivu kwenda kuulisha moto. Hewa hiyo hulichukua joto la ufito na kulirudisha motoni. Chanja iliyosanifiwa vizuri na kutunzwa vizuri huweza kubaki chini ya nyuzi 500, nusu tu ya joto la moto ulio sentimita chache juu yake. Pumzi ya moto, kwa maneno mengine, ndiyo maji ya kunywa ya ufito.

Hapa ndipo mahali penyewe panapoingia katika hesabu, na nadhani jambo hili halisemwi inavyostahili. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri huhitaji takriban kilo 6 za hewa ili iungue yote, hata kabla ya kuongeza ile ziada ambayo kila tanuri huhitaji. Mombasa, kwenye usawa wa bahari, kilo 6 za hewa ni mita za ujazo 5 hivi. Kitale iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja katika tano. Huko kilo zile zile 6 hujaza zaidi ya mita za ujazo 6. Bungoma, kwenye mita 1,400 hivi, iko katikati. Aghalabu vipimo vya chanja hunakiliwa kutoka vitabu vilivyoandikwa katika nchi za pwani tambarare. Fundi akiinakili mianya na feni jinsi zilivyo, tanuri la Kitale litapata ujazo ule ule wa hewa lakini uzito pungufu. Moto utatoa moshi mweusi, kuni nyingi zitaliwa kwa mvuke kidogo, na ufito utapozwa kwa upungufu huo huo. Watu watalaumu kuni mbichi (ambazo kweli zina makosa yake) huku kosa jingine likiwa angani.

Tuje sasa kwenye umbo. Ukiutazama ufito mzuri ubavuni, utaona tumbo kama la samaki: ncha zake ni nyembamba na katikati umeshuka. Sababu moja ni ya nguvu, kwa kuwa ufito hukalia nguzo zake kwa ncha mbili na mzigo huuelemea zaidi katikati, mahali pale pale ambapo mti wa dari huanza kupinda. Sababu ya pili ni ya joto. Uso wa juu, ambao huenda ukawa na upana wa milimita 20 tu, ndio unaopokea joto, lakini mbavu mbili zenye kina cha milimita 80 au 100 ndizo zinazolitoa kwa hewa. Atakaye kuiona kanuni hii asiende mbali. Aitazame injini ya pikipiki ya bodaboda na yale mapezi yake membamba. Mapezi hayo hayaongezi nguvu ya injini. Huongeza eneo la kukutana na upepo. Ufito wenye matuta ya wima ubavuni hufanya kazi hiyo hiyo, na matuta hayo pia huzishikilia fito zisikaribiane na kuziba mwanya.

Ukiukata ufito na kuutazama kwa ncha, utaona kwamba ni mpana juu na mwembamba chini. Umbo hili la kabari lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Kipande cha jivu kilichopenya tundu la juu hukuta njia ikizidi kupanuka kadiri kinavyoshuka, hivyo huanguka. Laiti mbavu zingekuwa sambamba, kipande hicho kingekwama katikati, hewa ingezuiliwa, na fito mbili zinazokipakana zingeanza kuwaka wekundu. Upana wa mwanya wenyewe hutegemea kinachochomwa. Magogo ya mkaratusi huvumilia mianya mikubwa. Makapi ya miwa ni mepesi na hupenya kila mahali, kwa hivyo chanja yake aghalabu huwa ni mabamba yenye matundu madogo, na makapi mengi huungua yakiwa bado yanapeperuka hewani, kabla ya kutua.

Kuhusu chuma chenyewe, pana mabishano yasiyokwisha baina ya mhasibu na fundi. Chuma cha kusubu cha kawaida ni rahisi, hujaa vizuri kwenye kalibu na hustahimili kubanwa. Aibu yake ni kwamba kikipashwa na kupoozwa mara nyingi katika joto linalozidi takriban nyuzi 500, *hukua*. Kaboni iliyofungamana na chuma hujitenga, oksijeni hupenya kupitia vijishipa vya grafiti, na ufito hurefuka bila kurudi, ukajaa nyufa. Ukiongezewa kromi kwa wingi, ukuaji huo huzuilika na ufito huweza kuhimili nyuzi 900 hivi, lakini bei hupanda sana. Mafundi wa jua kali nao huwa na jibu la haraka: vipande vya nondo vilivyounganishwa kwa kuchomelea. Siwalaumu, kwa maana nondo hupatikana leo na ufito wa kusubu huenda ukangojewa majuma. Lakini feleji ya kawaida katika nyuzi 600 hubakiwa na karibu nusu tu ya nguvu zake, na nondo ni ya mviringo: haina ubavu wa kutosha wa kulitoa joto. Hushuka katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Maoni yangu ni kwamba ufito wa kusubu wa kawaida, wenye umbo zuri na hewa ya kutosha, humshinda ufito wa kromi uliokabwa roho.

Kila ufito sharti uachiwe nafasi ya kutanuka. Ufito wa mita moja ukipashwa kwa nyuzi 600 hurefuka kwa milimita 7 hivi. Milimita 7 ni unene wa kalamu ya risasi, na mtu huona haya kuiacha wazi anapofunga chanja mpya, kwani kazi huonekana legelege. Fundi anayependa kazi iliyobana huzipanga fito hadi zikagusa ukuta wa matofali ncha zote mbili. Siku moto unapokolea, ufito hauna pa kwenda ila kupinda juu au kuusukuma ukuta, na ukuta wa tanuri ukisukumwa kila asubuhi hatimaye huachana. Mlegeo wa chanja baridi si uzembe.

Adui mwingine hutoka shambani. Miwa inayovunwa wakati wa mvua huja kiwandani na matope, na matope ni mchanga. Mchanga huo hukutana tanurini na potasi iliyomo katika majivu ya mimea, na viwili hivyo vikichanganyika huyeyuka katika joto la chini kuliko ambavyo kila kimoja kingeyeyuka peke yake. Ndiyo kanuni ya kutengenezea kioo. Matokeo yake ni ukoko mgumu, mweusi na unaong'aa, unaozishika fito na kuifunika mianya. Mchochea moto huuvunja kwa mtaimbo, na mara nyingine huvunja ufito pamoja nao. Majivu yakiachwa yajae shimoni hadi karibu na chanja, huwa mabaya zaidi, maana ufito hupata moto juu na makaa chini, na hewa haina njia. Na katu asimwagiwe mtu wala chuma maji: maji baridi juu ya ufito mwekundu huupasua papo hapo, na mvuke unaoruka kutoka shimo la majivu huunguza uso wa aliyeinama.

Maagizo haya yote yamekwisha kuandikwa, tena kwa ufasaha, katika vitabu vinavyokuja na boila. Vimeandikwa kwa Kiingereza na huwekwa katika kabati la mhandisi. Katiba ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, lakini mchochea moto wa zamu ya usiku hufundishwa kwa ishara na kelele, na anayemfundisha naye alifundishwa vivyo hivyo. Idara zetu zimetoa istilahi nyingi za fasihi na isimu. Istilahi za shimo la majivu bado zinangoja, na ningependa kuona tasnifu moja ya uzamili ikizikusanya pale Bukembe, Webuye au Kapsara, kutoka vinywani mwa wanaozitumia, kabla ya kubuniwa nyingine mezani.

Wakusanyaji hao watakuta maarifa, si maneno matupu. Mchochea moto mzoefu, kwa mfano, huitazama chanja yake kwa kulitazama shimo. Mwanga mweupe ulioenea sawasawa shimoni huonyesha kwamba mianya yote i wazi. Doa la giza ni ukoko uliokaa juu ya fito mahali hapo. Wekundu uliotulia chini ni majivu moto yaliyorundikana, yanayopaswa kuondolewa kabla ya jambo lingine lolote. Na wakati wa kuzima, haifungi feni huku moto ungali mnene juu ya chanja: huacha moto upungue kwanza, hewa ikiendelea kupita, kwa sababu saa ile feni inaponyamaza ndiyo saa ufito unapobaki peke yake na moto.