Kiulimi cha milimita 5

Pete ilisimama wima juu ya kijukwaa cha karatasi nyeupe, jiwe likitazama juu, na hakuna aliyeona imeshikwa na nini. Ilikuwa Jumamosi ya masika jijini Dar es Salaam. Barua ya posa ilikwisha kujibiwa, mshenga alikwisha kusema yake, na sebule nzima ilikuwa ikimsubiri binti avishwe pete. Kijana akaishika kwa vidole viwili, akaivuta, ikatoka bila kuchana chochote. Vigelegele vikapigwa, simu zikainuliwa, na kijukwaa kikasahaulika kabla wali haujapakuliwa.

Mwandishi wa makala haya hakukisahau. Gundi ingeacha alama kwenye dhahabu. Waya ungeonekana. Sasa pete ile ilisimamaje?

Jibu alikuwa nalo rafiki wa binti huyo, mwanamke anayefanya kazi ya uhasibu mchana na kukata karatasi usiku. Alikubali kueleza kila kitu kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Siku ile, anasema, ilikuwa ya rafiki yake.

Kwanza alileta nakala ya majaribio, ndani ya bahasha ya kawaida. Hilo ndilo jambo la kwanza analotaka lieleweke: kazi yote hulala bapa, huingia kwenye mkoba, na haina uzani wa kumshtua mtu. Ni karatasi moja ya manila, ukubwa wa A4, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi Kariakoo kama gramu 160. Hakuna kipande kilichobandikwa. Namna hii ya kufanya kazi ilipewa umbo na mbunifu majengo wa Japani, Masahiro Chatani, mwanzoni mwa miaka ya 1980: unakata karatasi moja, unaikunja, na ukiifungua mpaka pembe mraba, jengo linasimama lenyewe.

Hesabu ya kijukwaa ni fupi. Karatasi inakunjwa katikati. Nusu moja itakuwa ukuta, nusu nyingine sakafu. Mikato miwili sambamba inavuka mkunjo huo, sentimita 5 upande wa ukuta na sentimita 3 upande wa sakafu. Mkunjo mpya wa kijukwaa unakaa sentimita 2 juu ya ule wa katikati, yaani 5 kutoa 3. Hapo ndipo wanaoanza hukosea, anasema, kwa sababu wanapima kwa jicho, na kijukwaa kinaishia kuinama mbele. Mistari ya mikunjo anaichora kwa kalamu ya biki iliyoisha wino, akiibana kwenye rula ya chuma. Hachani nyuzi za karatasi, anazilaza tu.

Lakini kijukwaa ni kazi ya dakika chache. Usiku wake uliishia kwenye pete.

Pete yenyewe hakuwahi kuishika. Ilikuwa mfukoni mwa kijana, na siri ilipaswa kubaki siri. Alichopata ni maneno ya sonara: saizi 52, na unene wa dhahabu usiofika milimita 2. Kwa kipimo cha kimataifa saizi hiyo ina maana ya mzunguko wa ndani wa milimita 52, na kutoka hapo mhasibu alijitafutia mengine: upana wa ndani milimita 16.5, wa nje 20. Akakata tundu jembamba la milimita 18 juu ya kijukwaa. Pete ya milimita 20 haiwezi kulipita. Inazama karibu milimita 6, kisha inakwama. Tatizo ni kwamba inakwama huku ikiyumba.

Hapa ndipo kilipo kile kilichofichika machoni pa sebule nzima. Kwenye uso wa mbele wa kijukwaa, milimita 3 chini ya ukingo, amekata kiulimi na kukisukuma ndani. Kiulimi kinaenda nyuma, chini ya uso wa juu wa kijukwaa, na kinapita katikati ya pete, katika ile sehemu iliyozama. Karatasi iliyokunjwa hutaka kurudi ilikotoka. Kiulimi kinataka kurudi chini, kinakuta dhahabu njiani, na kwa kuikandamiza kinaivuta pete ikae imara kwenye tundu. Ncha yake inaipita pete kwa milimita 3 tu. Ukivuta pete juu, kiulimi kinapinda, kinateleza, kinaachia.

Anapoeleza hayo huonyesha kwa kipete cha funguo, polepole, mara mbili, na mtu hawezi kuangalia bila kutabasamu. Kinachoshika ni ukaidi wa karatasi, basi.

Ukaidi huo una upande wake. Tangu mashine ya Mfaransa Nicolas-Louis Robert iliyopata hataza mwaka 1799, karatasi ya kiwandani hutengenezwa kwa kumwaga uji wa nyuzi juu ya wavu unaotembea, na nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa wavu. Mafundi huuita mwelekeo huo mkondo. Ukikunja kuufuata, mkunjo unatoka msafi. Ukikunja kwa kuukata, mgongo wa mkunjo unapasukapasuka. Kuutambua ni rahisi: pinda karatasi taratibu pande zote mbili bila kuivunja, na upande unaokubali upesi ndio wenyewe. Au lowesha kipande kimoja. Kitajikunja kama mfereji mdogo, na mfereji huo utalala kwenye mkondo.

Mikunjo ya kijukwaa ilitaka mkondo ulale kwa mapana. Kiulimi kilitaka usimame, ufuate urefu wake, ili kiwe kigumu. Karatasi ni moja, na mkondo ni mmoja. Alijaribu njia zote mbili na mwishowe akaipa haki mikunjo, kwa kuwa ndiyo itakayoonekana kwenye picha, kisha akakiongezea kiulimi upana kutoka milimita 3 hadi 5 ili kufidia ulaini. Siku moja kabla ya sherehe mvua ilinyesha mfululizo, hewa ikajaa maji, na manila ikalegea. Akaifungia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Asubuhi ukaidi ulikuwa umerudi.

Kwenye ukuta, nyuma ya pete, alikata umbo la mawe ya Mwanza yaliyopandana juu ya maji ya ziwa, kwa sababu huko ndiko walikosomea yeye na rafiki yake. Hakumwambia mtu. Hajui kama yalitambuliwa.

Shangazi mmoja alimuuliza siku ile kwa nini asitumie tu kile kiboksi cha mahameli kilichokuja na pete. Kwa heshima alinyamaza. Hata sasa jibu analotoa halimridhishi mwenyewe: kiboksi kingekuwa cha sonara. Kijukwaa kiko wapi leo? Hajauliza, na mwandishi hakuthubutu kumuulizia. Waliokiona kwenye picha wanataka kuagiza, naye hajui atoze nini kwa karatasi ya gramu 10 na usiku wa mtu.

Kinachomshughulisha ni harusi. Pete zitakuwa mbili, na ya bwana ni pana na nene zaidi, hivyo tundu lake na kiulimi chake havitafanana na vya mwenzake. Anataka zote zisimame kwenye karatasi ileile moja, urefu sawa. Mahesabu ameshaanza, nyuma ya risiti za ofisini, na kwa sasa pete ya bwana inaanguka.