Mkia wa Ndege na Tabaka Jembamba la Hewa

Chukua chupa ya mviringo, uiweke juu ya meza, na nyuma yake usimamishe mshumaa unaowaka. Mtu akipuliza kwa nguvu upande wa mbele wa chupa, mshumaa huzimika kana kwamba chupa haikuwapo. Akiiondoa chupa na kuweka mahali pake boksi lenye upana uleule, kisha akapuliza kama mwanzo, mshumaa hauzimiki. Moto wake huyumba tu, na pengine huinama kuelekea boksi lenyewe. Jaribio hili halihitaji maabara, na mwalimu aweza kulifanya darasani kwa dakika mbili. Hata hivyo ndani yake mna swali ambalo limewashughulisha wahandisi wa ndege kwa zaidi ya miaka 100: kwa nini hewa hufuata uso wa kitu mahali fulani, na mahali pengine hubanduka na kwenda zake?

Aliyelitolea swali hilo maelezo ya kwanza yaliyoridhisha ni Ludwig Prandtl, profesa kijana wa Kijerumani aliyekuwa akifundisha Hannover. Mwezi Agosti 1904, miezi minane tu baada ya ndugu wawili Wright kurusha ndege yao, alisimama mbele ya mkutano wa wanahisabati mjini Heidelberg, akapewa dakika 10 za kusema. Mpaka wakati huo hesabu za mwendo wa hewa na maji zilikuwa zikipuuza mnato, yaani ule ukinzani wa ndani unaoifanya asali imiminike polepole kuliko maji. Kwa kuwa mnato wa hewa ni mdogo mno, kuupuuza kulionekana kuwa halali. Lakini hesabu hizo zilitoa jibu la ajabu, kwamba mpira unaopita hewani kwa mwendo usiobadilika haukutani na ukinzani wowote. Mtu yeyote aliyewahi kutoa mkono nje ya dirisha la gari linalokwenda anajua kuwa jibu hilo si kweli.

Prandtl alieleza kwamba mnato huo mdogo hauwezi kupuuzwa mahali pamoja, napo ni karibu kabisa na uso wa kitu. Hewa inayogusa bawa imenata papo hapo na huchukuliwa pamoja na bawa. Ile iliyo juu yake huteleza kidogo, ya juu zaidi huteleza zaidi, mpaka, baada ya unene ambao mara nyingi ni wa milimita chache au sentimita chache tu, mkondo hupita kwa kasi yake kamili. Utando huo mwembamba ndio unaoitwa tabaka la mpakani.

Hewa iliyomo katika tabaka hilo imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya kasi yake. Sasa, kuelekea upande wa nyuma wa bawa, kanieneo ya hewa huongezeka, na mkondo hulazimika kwenda kinyume cha ongezeko hilo. Hali yake ni kama ya waendesha baiskeli wanaokabili mlima: aliyekuja kwa kasi hufika kileleni, lakini aliyekwisha kuchoka husimama katikati na huanza kurudi nyuma. Hewa ya tabaka la mpakani ikishindwa kuupanda mlima huo wa kanieneo, mkondo wote hubanduka na kuacha nyuma yake vurugu ya vizingia. Katika chupa ya mviringo mkondo hupata njia ya kuzunguka mpaka karibu na nyuma. Katika boksi hubanduka mara moja kwenye kona.

Katika hotuba ileile Prandtl alionyesha pia dawa. Alikuwa na tangi la maji yaliyozungushwa kwa mkono, na ndani yake aliweka silinda yenye ufa mwembamba upande mmoja. Alipofyonza maji kidogo kupitia ufa huo, yaani alipoliondoa tabaka lililochoka, mkondo wa upande huo uliendelea kuufuata uso wa silinda. Elimu ya kudhibiti mkondo ilianzia hapo.

Manufaa yake huonekana vizuri katika mkia wa ndege ya abiria. Ndege yenye injini mbili inapoondoka uwanjani, injini moja ikizimika, ile iliyosalia huisukuma upande mmoja, na pua ya ndege hugeuka kuelekea upande wa injini iliyokufa. Rubani hupambana na hali hiyo kwa kukunja usukani ulioungwa nyuma ya mkia wima. Lakini nguvu ya mkia hutegemea mraba wa kasi ya ndege: kasi ikiwa nusu, nguvu huwa robo tu. Basi mhandisi hana budi kuutengeneza mkia uwe mkubwa vya kutosha kwa dakika hiyo ya hatari, wakati ndege bado inakwenda polepole. Katika saa zote nyingine za safari ukubwa huo hauna kazi. Ni uzito na ukinzani tu, na mafuta hulipia. Tena, usukani ukikunjwa sana, mkondo hubanduka pale ulipoungwa, na kuukunja zaidi hakuleti faida kubwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona, akiwamo Israel Wygnanski, pamoja na wenzao wa chuo cha teknolojia cha California, walichagua chombo kidogo cha kupuliza hewa ambacho hakina hata kipande kimoja kinachosogea. Hewa huingia kwa kasi katika kijichumba chenye kuta mbili zilizopanuka, ikaambatana na ukuta mmoja. Sehemu yake hurudi nyuma kwa njia ya pembeni na kuusukuma mkondo unaoingia, nao huhamia ukuta wa pili. Huko yatokea yaleyale, na mkondo hurudishwa. Hivyo hewa itokayo hupepea kushoto na kulia mara nyingi kwa nukta moja, nayo hulipatia tabaka la mpakani nguvu mpya juu ya eneo pana. Chombo cha namna hii hakikuwa kigeni. Kimekwisha kutumika kunyunyizia maji vioo vya magari.

Majaribio yalianza katika handaki la upepo kwa mfano wenye ukubwa wa karibu sehemu moja ya saba. Mwaka 2013 mkia kamili wa Boeing 757, uliotolewa katika ndege iliyostaafu, ulijaribiwa katika handaki kubwa la NASA huko Ames, California. Nguvu ya mkia iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Mwaka 2015 vipulizi 31 vilifungwa katika mkia wa ndege ya majaribio ya aina hiyohiyo, vikaruka nayo. Hewa yao ilitoka katika injini ndogo ya ziada iliyomo mkiani, ikapozwa kwanza. Matokeo ya angani yalikuwa ya chini kidogo kuliko yale ya handakini, jambo ambalo si la kushangaza.

Hata hivyo ndege za abiria bado zinajengwa kwa mikia mikubwa, na sababu yake si uzembe. Mkia mkubwa hauhitaji kuwashwa. Ndege ya kivita F-104 ya miaka ya 1950 ilipuliza hewa ya injini juu ya vibawa vyake vya kutulia ili iweze kutua kwa kasi ndogo. Upulizaji ukikosekana, rubani alipaswa kutua kwa kasi kubwa zaidi. Na ukikosekana upande mmoja tu, ndege iliweza kulalia upande huo ikiwa karibu na ardhi. Kwa mkia mdogo swali ni zito zaidi, kwa kuwa hewa ya kupuliza huhitajika hasa katika dakika ambayo injini imekwisha kuzimika. Injini ndogo ya mkiani ingelazimika kuwa imewaka kila ndege inapoondoka uwanjani, nayo ingehitaji kuwa na chanzo kingine cha hewa cha kuisaidia iwapo yenyewe itashindwa. Chanzo hicho kina uzito wake pia, na mafuta yaliyotarajiwa kuokolewa kwa mkia mdogo, kwa makadirio ya wakati wa majaribio, ni kiasi cha nusu ya asilimia moja.