Mchezaji Sugu Si Lazima Awe Mgonjwa: Namna ya Kutofautisha Shauku na Maradhi katika Michezo ya Mtandaoni

Katika mabaraza ya Ole, kisiwani Pemba, mchezo wa bao una mipaka yake. Wachezaji hukutana baada ya alasiri, na adhana ya magharibi huvunja kikao. Michezo ya simu haina machweo. Free Fire na PUBG Mobile huchezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti, na saa yoyote ile wapo wapinzani walio macho mahali fulani duniani. Mzazi anayemkuta kijana wake na simu usiku wa manane huingiwa na hofu kwamba mtoto amekuwa mraibu. Hofu hiyo inastahili kusikilizwa, lakini jibu lake halipatikani kwa kuhesabu saa peke yake.

Aina mbili za wachezaji

Kwa mazoea, wachezaji hugawanywa katika makundi mawili. Wapo wanaocheza kupitisha wakati: hufungua simu wakisubiri gari au baada ya kazi, na wakishindwa hawajali sana. Wapo pia waliokolea, ambao huitwa wachezaji sugu: wana kikosi chao, hufanya mazoezi, na huumia wakishuka daraja. Katika tiba, neno "sugu" huambatana na maradhi yaliyodumu. Katika michezo halipaswi kubeba maana hiyo. Mwanasoka anayefanya mazoezi kila jioni haitwi mgonjwa, na mchezaji wa simu apimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Muundo wa michezo yenyewe pia unafaa kueleweka. Mechi ya kawaida ya Free Fire huwa na wachezaji 50 na huchukua takriban dakika 10. Ya PUBG Mobile huweza kuwa na wachezaji 100 na kufikia nusu saa. Mechi haisimamishwi, na anayeondoka huwaacha wenzake pungufu. Kijana asiyeitika anapoitwa huenda hajaasi wala haugui. Yumo katikati ya mechi. Hata hivyo, zawadi za kila siku na madaraja yanayopangwa upya kila msimu hubuniwa ili mchezaji arudi tena na tena, na wengine hushindwa kujizuia.

Maradhi huanzia wapi?

Mei 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha toleo la 11 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Ndani yake umo ugonjwa wa kucheza michezo ya kidijitali, wenye dalili kuu tatu: mtu kushindwa kudhibiti uchezaji wake, mchezo kutangulizwa mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea kucheza, au kuzidisha, licha ya madhara yanayoonekana. Mwenendo huo uwe umeathiri sana familia, masomo, kazi au mahusiano, na kwa kawaida uwe umedumu kwa miezi 12 au zaidi. Dalili zote zikiwepo tena zikiwa kali, muda huo unaweza kufupishwa. Ainisho halikuweka idadi ya saa kuwa kigezo. Ugonjwa wa kamari umeainishwa peke yake, hivyo usichanganywe na huu.

Chukulia mfano wa vijana wawili wa Ole, kila mmoja akicheza kwa muda wa saa tatu kila usiku. Wa kwanza huchuma karafuu mchana, hula na wenzake, na msimu wa mitihani hupunguza mchezo bila ugomvi. Wa pili alianza baada ya kufiwa na baba yake. Hahudhurii tena skuli, ameacha mpira, na alipojaribu kuacha mchezo alirudi siku ya pili. Saa ni zile zile, lakini wa pili ndiye anayehitaji msaada, na huenda mchezo umefunika huzuni ambayo haijatibiwa.

La kufanya

Mhudumu wa afya aulize kwa upole: Umewahi kujaribu kupunguza ukashindwa? Umeacha nini ambacho zamani ulikipenda? Unalala saa ngapi? Unacheza ili kuepuka nini? Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Dalili za sonona na wasiwasi zichunguzwe kila mara, na mwenye mawazo ya kujidhuru asiachwe peke yake wala asicheleweshewe rufaa.

Hakuna dawa maalumu iliyothibitishwa kutibu ugonjwa huu. Msaada mkuu ni tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia, pamoja na matibabu ya maradhi yanayoambatana nao. Safari ianzie kituo cha afya kilicho karibu. Rufaa ikihitajika, Zanzibar ina hospitali ya afya ya akili ya Kidongo Chekundu, Unguja.

Nyumbani, kunyang'anya simu katikati ya mechi huzaa ugomvi. Ni bora kukubaliana mapema juu ya idadi ya mechi na saa ya kulala, na simu ilazwe nje ya chumba. Mzazi akae pia karibu na mwanawe siku moja, aulize mchezo unachezwaje. Kijana asiyehukumiwa ndiye atakayesema mapema kwamba ameshindwa kuacha.