Je, Wajua? Chanzo cha Mifuko Chini ya Macho
Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili. Unene wake haufiki milimita 1. Umri unaposonga, kolajeni hupungua na makunyanzi hujitokeza. Utando unaozuia mafuta yaliyozunguka jicho nao hulegea, mafuta yakasogea mbele na kufanya mifuko. Jua na sigara huharakisha uzee huo.

Krimu za retinoidi na leza hupunguza makunyanzi, lakini haziondoi mifuko. Sindano ya asidi ya haialuroniki hujaza bonde lililo kati ya kope na shavu. Kwa nadra, ikiingia mshipani, huweza kupofusha. Mifuko huondolewa kwa upasuaji: daktari hupasua upande wa ndani wa kope, akapunguza mafuta bila kuacha kovu usoni. Ngozi ya kope nayo ikipunguzwa, na ikakatwa kupita kiasi, kope huvutika chini na jicho hukauka.