Jina la Mtu Likigeuzwa Pesa

Mama mboga akikukopesha sukuma wiki ya shilingi 20, anachopima ni jina lako, si mfuko wako. Shida ni kwamba jina hilo halitembei. Kinyozi wa mtaa wa pili hakujui, na kwake huna thamani yoyote.

Pengo hilo ndilo vocha za mtaani, Gatina-Pesa ya Kawangware, iliyoanza 2014, na Lindi-Pesa ya Kibera, iliyofuata 2015, zilikusudia kuliziba. Zote zilitokana na shirika la Grassroots Economics la Will Ruddick, lililoanzia Mombasa. Huko, vocha ya Bangla-Pesa ilipozinduliwa 2013, watu sita walitiwa mbaroni; mashtaka yakaja kufutwa baadaye.

Vocha hizi hazikuuzwa. Mfanyabiashara alijiunga kwa kudhaminiwa na wenzake, akapewa karatasi za thamani ndogo ndogo. Hazikuegemea dhahabu wala akiba ya benki. Ziliegemea ahadi: mpelekee kinyozi, atakunyoa.

Kinyozi huyo hapotezi kitu. Saa nne asubuhi kiti chake ki tupu, na kumnyoa mteja wa vocha kunamgharimu muda ambao angeumalizia kwenye simu. Muuza unga ni habari nyingine. Anapokea vocha za fundi cherehani, za muuza samaki, za kila mtu, kwa sababu kila mtu anakula ugali. Lakini muuzaji wa jumla anataka shilingi, na mwenye nyumba vilevile. Droo inajaa karatasi, na kichwa ni kimoja tu cha kunyolewa. Akiwa na akili atadai nusu vocha, nusu shilingi. La sivyo duka litabaki rafu tupu.

Baadaye vocha zilihamia kwenye simu kwa jina la Sarafu. Takwimu za Januari 2020 hadi Juni 2021 zina akaunti takriban 40,000. Kujisajili tu kulikuletea salio la kuanzia. Hapo mimi nina shaka: salio linalokuja na laini ya simu halina jirani aliyelidhamini, na likizidi mtaani, wauzaji ndio watakaoanza kusema leo hawapokei.

Ili salio lisilale, lilikatwa asilimia 2 kwa mwezi. Kwa anayeficha sarafu chini ya godoro, tozo hiyo ni sawa kabisa. Kwa muuza unga naiona dhuluma, maana salio lake halikulala kwa ubahili. Lilikosa pa kwenda.